Kadi za mkono: karatasi, mkunjo, gundi na maganda ya mgomba

Kadi ya mkono inapomfikia mwenyewe ikiwa imeharibika, kosa huwa si la mapambo. Mkunjo umepasuka ukaonyesha weupe wa ndani, uso wa mbele umejipinda baada ya gundi kukauka, au bahasha imebana hadi pembe zikavunjika. Anayeanza hukimbilia riboni, vimetameta na stika, ilhali cha kujifunza kwanza ni karatasi: inakunjika kuelekea wapi, inafanya nini ikilowa, na inabeba uzito gani. Ukishayajua hayo, mapambo ya bure yanatosha. Maganda makavu ya mgomba na vipande vya vitenge vinavyosalia kwa mafundi wa nguo huipa kadi sura ya kwetu ambayo stika za dukani haziwezi kuipa.

Kadi inayoelezwa hapa ni ya A6, yaani 105 kwa 148 ikiwa imekunjwa. Vipimo vyote ni vya milimita pasipotajwa vingine.

Karatasi na nyuzi zake

Uzito wa karatasi hutajwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na dukani inatosha kusema "gramu mia mbili hamsini". Karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Kadi inataka 220 hadi 250. Chini ya 200 haisimami vizuri mezani, na ukiibandika kitu inalegea. Kuanzia 300 inasimama imara, lakini bila kuchorewa mfuo, yaani mstari uliobonyezwa wa kukunjia, hupasuka inapokunjwa. Manila za rangi zinazonunuliwa kwa kazi za shule mara nyingi ni nyepesi mno kuwa kadi yenyewe, ila zinafaa sana kuwa karatasi ya juu ya kubandikia. Zikikaa juani rangi hufifia, kwa hiyo zihifadhi ndani ya bahasha au droo.

Maduka ya vitabu na vifaa vya ofisi huuza A4 nzito kwa pakiti. Njia ya bei nafuu zaidi ni matbaa ndogo ndogo za River Road, Nairobi, na mitaa ya jirani. Matbaa hubaki na vipande vya pembeni baada ya kukata kazi za wateja, na vipande hivyo mara nyingi ni vipana vya kutosha kwa A6. Uliza mabaki ya karatasi nzito isiyong'aa, kisha omba vikatwe vyote kwa mashine viwe 210 kwa 148. Mashine hukata rundo zima kwa mkato mmoja ulionyooka. Karatasi inayong'aa iache: gundi ya maji haiishiki sawasawa, na wino wa kalamu unabaki juu ukipakaa. Ukiwa na shaka, gusa pembe kwa kidole chenye unyevu. Pakibaki na doa la maji linalonywewa polepole, karatasi hiyo itakubali gundi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo: nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, ule ambao karatasi ilikuwa ikikimbilia mashineni. Ikikunjwa sambamba na nyuzi, inakubali na mkunjo unatoka laini. Ikikunjwa kwa kuzikata nyuzi, nyuzi zenyewe huvunjika na mkunjo unatoka na meno meno. Kupima ni rahisi. Leta kingo mbili zinazoelekeana karibu karibu bila kuikunja karatasi kabisa, ubonyeze tao lake kwa kiganja, usikilize ubishi wake. Igeuze robo, urudie. Upande ambao tao linainama bila kukushindana ndio mkunjo unapotakiwa kuwa.

A4 nyingi zina nyuzi zinazofuata urefu, ile 297. Kwa hiyo ukiikunja A4 nzima katikati upate kadi ya A5, mkunjo unakata nyuzi. Ukiigawa kwanza vipande viwili vya 210 kwa 148, kisha ukunje kila kipande katikati, mkunjo unaenda sambamba na nyuzi. Karatasi ni ile ile, kadi ni mbili, na meno hayapo. Hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuanza na A6.

Kukata na kukunja

Utahitaji kisu cha kukatia karatasi chenye wembe wa kuvunjwa ncha, rula ya chuma ya sentimita 30, penseli iliyochongwa vizuri, mkasi mdogo wenye ncha kali, brashi bapa ya milimita 10, sindano, kijiko cha chuma na biro iliyokwisha wino kabisa. Biro hiyo ipime kwa kuikandamiza kwenye karatasi chakavu mara kadhaa, kwa sababu wino uliobaki huchomoza katikati ya kazi. Rula ya plastiki au ya mbao haifai kukatia. Wembe huila, na kuanzia siku hiyo kila mstari unatoka na kigongo. Chini weka kadibodi nene ya boksi. Ikijaa mikato, itupe, kwa maana wembe hufuata mkato wa zamani na kukutoa kwenye mstari. Kigae na kioo huua makali ya wembe upesi, tena kisu huteleza juu yake.

Kata kwa kupitisha kisu mara tatu au nne kwa wepesi. Anayetaka kumaliza kwa mkato mmoja hukandamiza, rula inasogea, na ukingo unatoka umepinda au umechanika kwa chini. Wembe ukianza kuvuta karatasi badala ya kuikata, vunja ncha. Kuvunja ncha kila baada ya kadi kumi si ubadhirifu. Vidole vya mkono unaoshika rula visipite ukingo wake.

Kipande cha 210 kwa 148 kikiwa tayari, weka alama ndogo ya penseli kwenye 105, juu na chini, upande utakaokuwa nje ya kadi. Panga rula kwenye alama hizo, upitishe biro mara mbili kwa nguvu ya wastani upate mfuo. Mfuo huo unatoa tuta dogo upande wa pili, na tuta hilo ndilo linalotakiwa kubaki ndani ya mkunjo. Wengi hufanya kinyume, wakaikunjia karatasi ndani ya mfuo, na tuta likabaki nje likivutwa hadi linapasuka. Kwa hiyo mfuo nje, tuta ndani. Kunja kwa mkono kwanza, ulinganishe pembe, kisha funika mkunjo kwa karatasi chakavu na upitishe mgongo wa kijiko mara moja, kutoka katikati kwenda juu na kutoka katikati kwenda chini. Bila ile karatasi chakavu kijiko huacha mng'ao ambao hautoki.

Pembe zisipolingana kwa milimita moja baada ya kukunja, usihangaike kukunja upya. Mkunjo wa pili pembeni mwa wa kwanza huonekana daima. Punguza ukingo uliozidi kwa rula na kisu.

Gundi

Gundi nyeupe, ile ambayo mafundi wa mbao pia huitumia, ndiyo bora kwa kazi hii: ikikauka haionekani, haifanyi manjano upesi, na inashika karatasi, kitambaa na maganda. Tatizo lake ni maji. Karatasi ikinywa maji nyuzi hunenepa, na karatasi hupanuka, hasa kukingamana na nyuzi. Ikianza kukauka inataka kurudi, lakini sasa imeshikana na kitu kingine. Upande wenye gundi unavuta, na kadi inajikunja kama kigae cha paa.

Dawa yake ni tatu, na zote hutumika pamoja. Kwanza, gundi iwe kidogo. Mimina kwenye kifuniko, chovya brashi, ipanguse ukingoni, upake safu nyembamba. Paka kwenye pambo, usipake kwenye kadi, ukianzia katikati kwenda kingoni. Pili, karatasi unayobandika iwe na nyuzi zinazoelekea upande mmoja na nyuzi za kadi, ili zipanuke na kurudi pamoja. Tatu, weka uzito. Funika kazi kwa karatasi ya kuokea au nailoni safi, juu weka vitabu vya kilo tatu au nne, uiache usiku kucha. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi inapokaa na mawingu kutanda, iache siku nzima. Usiiharakishe kwa jua wala pasi: juu hukauka kabla ya ndani, na mpindo unaokimbia unautengeneza mwenyewe.

Ikiwa uso wa mbele umeshapinda, bandika karatasi nyepesi ya ukubwa huo huo kwa ndani, kwa gundi ile ile, uurudishe chini ya vitabu. Pande mbili zikivutana, uso unanyooka.

Gundi ya kijiti inatosha kwa karatasi juu ya karatasi nyepesi, lakini kwenye maganda inabanduka baada ya wiki chache. Gundi ya ofisi ya chupani, ile ya maji maji isiyo na rangi, iache kabisa. Ina maji mengi na karatasi inatoka na mawimbi. Selotepu ya pande mbili ni nzuri kwa kubandika kipande kizima kilichokwisha pambwa juu ya kadi, kwa kuwa haina maji hata tone. Supagluu huacha ukungu mweupe pembeni, tena ikikutana na kitambaa cha pamba hupata moto wa kutosha kuunguza vidole. Isikaribie kitenge.

Maganda ya mgomba

Kinachoitwa shina la mgomba ni maganda yaliyofumbatana, moja ndani ya jingine. Ya nje hukauka yenyewe mti ukiwa bado umesimama, na hayo ndiyo unayoyataka. Ganda bichi lina utomvu unaotia nguo doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote, tena likikaushwa nyumbani hukunjamana. Mwenye migomba Kiambu, Murang'a au Kisii atakupa bila malipo, maana huyaambua na kuyatupa anaposafisha shamba. Chagua yenye rangi tofauti: kuna meupe ya maziwa, ya asali, ya kahawia na ya kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Tofauti hizo ndizo rangi zako zote; usiyapake rangi. Doa jeusi lisilotoka kidoleni ni sehemu ya uzuri wake. Doa linaloacha unga kidoleni ni kuvu, na ganda hilo litaambukiza mengine kwenye boksi.

Pangusa kila ganda pande zote mbili kwa kitambaa chenye unyevu. Usilitie ndani ya maji. Likilegea, lifungue lilale bapa. Utaona kwamba sehemu ya katikati ni nene, na ukichomeka kisu butu kwenye ncha yake linagawanyika tabaka mbili: ngozi ya nje iliyo laini na yenye mng'ao hafifu, na tabaka la ndani lenye vyumba vyumba kama wavu. Ngozi ya nje hutengeneza mbingu, vilima na mavazi. Ule wavu usiutupe. Ni mzuri ajabu kwa paa la nyasi, ua au kikapu.

Kisha piga pasi. Weka ganda katikati ya karatasi mbili za fotokopi, pasi iwe ya joto la wastani na bila mvuke, bonyeza kama sekunde kumi mahali pamoja, inua, sogea. Karatasi ya juu ikitoka na unyevu, badilisha na urudie hadi itoke kavu. Joto hili hulinyoosha ganda na pia huua wadudu wadogo waliojificha humo. Ukizidisha, ganda linageuka rangi na kuwa kavu kiasi cha kuvunjika kama biskuti. Hilo unaweza kuliokoa kwa kulipangusa tena na kulipumzisha dakika kumi.

Hatua inayofuata ndiyo hurukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha kadi inayodumu na ile inayoachia vipande bahashani. Ganda lina nyuzi za urefu tu. Ukilikata likiwa peke yake, linapasuka kufuata nyuzi, hasa kwenye mikato ya mviringo. Libandike kwanza juu ya karatasi ya fotokopi kwa gundi iliyozimuliwa kidogo, sehemu nne za gundi kwa moja ya maji, uliweke chini ya vitabu usiku kucha. Asubuhi una karatasi ya mgomba unayoweza kuikata umbo lolote. Tengeneza kurasa tano au sita za rangi tofauti kwa mpigo mmoja; zitakutosha kadi nyingi.

Picha ya kuanzia iwe vilima na mgunga. Kata kipande cha manila au karatasi ya gramu 160 chenye 85 kwa 120. Mbingu ni ganda jeupe zaidi, linalofunika sehemu ya juu hadi 80 kutoka juu, nyuzi zikilala kwa upana. Kilima cha mbali ni cha rangi ya asali, cha kati ni cha kahawia, cha karibu ni cheusi zaidi. Kadiri kitu kinavyokaribia ndivyo kinavyokolea, na jicho linaona umbali wenyewe. Kila kilima kipandiane na kilicho nyuma yake kwa milimita 5, vinginevyo ufa wa karatasi utachungulia baada ya gundi kukauka. Shina la mgunga ni ukanda wa milimita 3 wenye nyuzi za wima, uliopasuliwa kwa sindano juu upate matawi mawili au matatu. Kilele chake ni bapa na kipana, 40 kwa 10, na ukingo wa chini ulionyooka zaidi kuliko wa juu. Nyuzi za shina zikisimama na za vilima zikilala, mwanga huzipiga tofauti na mti unajitokeza wenyewe bila rangi nyingine. Chora kila umbo kwanza kwenye karatasi chakavu, ulikate, ulitumie kama kiolezo. Penseli haionekani vizuri juu ya ganda.

Panga vipande vyote bila gundi, uviangalie ukiwa umesimama. Kama kuna cha kuondoa, kiondoe sasa. Bandika kuanzia cha nyuma kuja mbele, weka uzito, kisha bandika kipande chote kwenye kadi kwa selotepu ya pande mbili. Pembeni acha 10 kila upande, juu 12, chini 16. Nafasi ya chini ikilingana na ya juu kabisa, picha huonekana kama imeteremka.

Kitenge na shanga

Kwa kitenge, tatizo ni ukubwa wa ua. Mengi yaliyochapwa kwa ajili ya gauni hayatoshei kwenye A6, na kipande kinatoka kama doa la rangi lisilo na maana. Tafuta michoro ya sentimita 3 hadi 5. Biashara Street ina vitenge na leso za kila namna, lakini kwa kadi hakuna haja ya kununua doti. Fundi yeyote wa nguo ana mfuko wa mabaki. Mwombe pia kipande cha kile kitambaa chenye gundi kinachopigiwa pasi ndani ya kola. Ukikipiga pasi nyuma ya kitenge, kingo haziachii nyuzi wala gundi haipenyi hadi mbele.

Dirisha ndilo linalokipendeza kitenge. Kata kwenye uso wa mbele tundu la 65 kwa 90, ukiacha 20 kila upande, 25 juu na 33 chini. Anzia kila mkato pembeni kuelekea katikati ya mstari, usipitilize pembe. Bandika kitenge cha 85 kwa 110 kwa nyuma, kisha funika mgongo wake kwa karatasi nyeupe ya 99 kwa 142, ili anayefungua kadi asikutane na kingo za kitambaa.

Shanga zishonwe. Shanga ya gundi huanguka, kwa kuwa inagusa karatasi kwa nukta moja tu. Toboa matundu yote kwanza kwa sindano, kutoka mbele kwenda nyuma, ukiwa umeweka kadi juu ya kipande cha povu au kitambaa kilichokunjwa. Ukitoboa huku unashona, karatasi hukunjika. Matundu yawe mbali kidogo kuliko upana wa shanga yenyewe, yasije yakaungana na kuwa mpasuko. Tumia uzi wa nailoni, fundo libaki nyuma, na nyuma pafunikwe kwa karatasi kama ilivyo kwa dirisha. Mstari mmoja wa shanga chini ya picha unatosha. Kadi yenye maganda, kitenge, shanga na riboni kwa pamoja haisemi lolote. Chagua kimoja kiongoze.

Maneno

Hesabu herufi kabla ya kuandika. "Heri ya siku ya kuzaliwa" ina nafasi 24 ukihesabu na mapengo. Uso wa kadi ukiachiwa 10 kila upande unabaki na 85, yaani milimita tatu na nusu kwa kila herufi, na hapo maneno yanakuwa madogo mno. Yagawe: "Heri ya siku" ni nafasi 12, "ya kuzaliwa" ni 11, na kila herufi inapata milimita 7. "Hongera" na "Pole sana" hukaa mstari mmoja bila shida. Ili maneno yakae katikati, tafuta herufi ya kati ya kila mstari, iandike kwanza kwa penseli kwenye mstari wa katikati wa kadi, kisha ujaze kwenda kulia na kurudi kushoto. M na w hula nafasi, i na l huiachia; sahihisha kwa jicho. Baada ya wino, subiri nusu saa kabla ya kufuta penseli.

Usiandike moja kwa moja juu ya ganda. Wino hukimbilia kwenye nyuzi. Andika kwenye ukanda wa karatasi ya kaki au nyeupe, uubandike.

Ujumbe mrefu uandikwe kwenye karatasi ya ndani. Kata karatasi ya fotokopi 204 kwa 142, ikunje katikati, uipake gundi ukanda wa milimita 3 tu kando ya mkunjo, upande wa nyuma, uisukume ishikane na mkunjo wa kadi. Ukiipaka gundi yote, kadi itapinda. Faida nyingine ya karatasi hii ni kwamba ukikosea jina unatoa karatasi na kuweka nyingine, kadi yenyewe ikabaki salama.

Kadi ya msiba iwe ya maganda peke yake, bila kitu kinachong'aa, na maneno machache. Kwa harusi na Idd, shanga na kitenge vina nafasi yake. Kwa kadi za kuwatakia kila la heri watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, anza Septemba: zinahitajika nyingi kwa wakati mmoja, na mvua za vuli zikianza Oktoba gundi inachelewa kukauka. Ukitengeneza kadi 20, usimalize moja moja. Kata zote, chora mifuo yote, kunja zote, kisha pambo moja moja kwa kiolezo kilekile. Mkono ukirudia kitendo kimoja unanyooka, na kadi zinalingana.

Bahasha na safari

Bahasha ya dukani inayofaa A6 huitwa C6, 114 kwa 162. Kujitengenezea ni kwa A4 moja. Kata karatasi ya gramu 100 iwe na upana wa 196 na urefu wa 267. Chora mfuo wa wima 20 kutoka kila ukingo wa pembeni. Chora mfuo wa mlalo 100 kutoka chini, na mwingine 212 kutoka chini. Sasa una uso wa bahasha wa 156 kwa 112 katikati, mgongo wa 100 chini yake, kifuniko cha 55 juu yake, na mbawa mbili za 20 pembeni. Kata na utupe vipande vya pembeni vya mgongo na vya kifuniko, ukiupunguza mgongo milimita moja kila upande usije ukachomoza. Kunja mbawa ndani, zipake gundi kidogo kwa juu, ulaze mgongo juu yake. Ingiza kadi ya kujaribia kabla gundi haijakauka. Gundi ikivuja ndani, kadi hushikana na bahasha, na hapo ndipo kazi ya siku mbili hupotea. Mapambo yakizidi unene wa milimita 3, ongeza 5 kwenye upana na kwenye urefu wa uso.

Kadi ya gramu 250 ina uzito wa karibu gramu 8, karatasi ya ndani gramu 2, bahasha gramu 5. Mapambo mepesi ya maganda huongeza kidogo tu. Shanga ndizo zinazopandisha uzito, kwa hiyo bahasha ipimwe kaunta kabla ya kununua stempu. Yenye shanga iwekewe ndani kadibodi nyembamba ya 103 kwa 146, ikiuelekea uso wa mbele, zisitoboe bahasha zinapogandamizwa na barua nyingine. Anwani iandike kwa biro, kwa sababu kalamu ya maji huyeyuka bahasha ikinyeshewa, na baada ya S.L.P. usisahau nambari ya posta: ya GPO Nairobi ni 00100. Ukiituma kwa boda boda au kwa parseli ya matatu, itie kwanza kwenye nailoni iliyofungwa, hasa Aprili na Novemba.